Wasilisho la kwanza lifanyike mwaloni

Nafundisha Kemia katika shule ya kata mkoani Geita. Kila unapokaribia msimu wa maonyesho ya sayansi ya wanafunzi, naona jambo lile lile kwa walimu wenzangu, na kwa miaka kadhaa nililifanya mwenyewe. Tunamchukua mtoto mwenye kazi nzuri, tunamfungia maabara, tunamwandikia maelezo kwa Kiingereza, naye anayakariri mpaka yanamtoka bila kituo. Tunayaita hayo maandalizi, na nasema wazi kwamba tunawakosea watoto wetu.

Nililitambua kosa hilo siku kijana wangu mmoja aliposimama mbele ya jaji. Alikuwa amechunguza maji ya visima vilivyo karibu na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Alitiririka dakika tano nzima. Jaji, mama wa makamo, akamsikiliza kwa utulivu, kisha akamuuliza swali jepesi: "Kisima hiki ni cha nani, na nani wanachota hapa?" Kijana yule alizaliwa jirani na kisima hicho. Alichota hapo tangu ana ndoo ya lita tano. Lakini alinyamaza, akageuka kuniangalia, kwa kuwa jibu halikuwamo katika karatasi niliyomwandikia. Nilikuwa nimemfundisha kuiamini karatasi yangu kuliko macho yake.

Onyesho kubwa la aina hii hapa nchini ni la Young Scientists Tanzania, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2011 na Dk. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kutoka Ireland, kwa kufuata mfano wa onyesho la wanafunzi wa huko lililoanza mwaka 1965. Pale mtoto hahutubii ukumbi. Anasimama kando ya bango lake, majaji wanapita, wanasoma, wanauliza. Kwa hiyo anayemkaririsha mtoto hotuba anamwandalia kazi ambayo hataikuta. Atakachokikuta ni maswali, na maswali huzoewa kwa kuulizwa.

Aulizwe na nani? Mimi nilikulia Maganzo, karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu. Babu yangu alikuwa Mgika. Anayewafahamu Wasukuma anajua mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kuhama upande mmoja kwenda mwingine. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Babu hakuwa akitoka na wimbo mpya kabla haujasikilizwa nyumbani kwanza. Bibi akitikisa kichwa, wimbo unarudi jikoni. Kumbe kanuni niliyokuwa naitafuta nilikuwa nayo tangu utotoni: kazi ikasikilizwe kwanza na wanaohusika nayo, kwa lugha yao, kabla haijaenda kwa wageni.

Mwaka juzi niliijaribu. Binti wa kidato cha tatu alikuwa ameandaa mradi kuhusu zebaki, ile inayotumika kukamatia dhahabu. Jumamosi moja alasiri tulibeba bango lake hadi mwaloni, pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa. Tuliomba ruhusa, likaegemezwa kwenye viroba vya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Wakasogea kina mama wanane, vijana wa makarasha na broka mmoja wa dhahabu mwenye mizani yake ndogo mfukoni. Nilikuwa nimemwahidi binti kwamba sitafungua mdomo, hata iweje.

Akaeleza vizuri. Kwamba dhahabu na zebaki vikishikana vinakuwa donge jeupe linalokamuliwa kwenye kitambaa. Kwamba donge hilo, hata likikamuliwa sana, karibu nusu yake bado ni zebaki. Kwamba zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi, hivyo jiko la mkaa lenye moto mkali linatosha kuigeuza mvuke, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta, sehemu kubwa yake hubaki mwilini.

Mama mmoja, mikono bado ina tope, akauliza: "Ng'wanawane, mwanangu, huo mvuke unasema hauonekani na haunuki. Sasa wewe umejuaje kwamba upo?"

"Vitabu vinasema," akajibu.

"Hicho kitabu kimefika hapa kwetu?"

Binti akaniangalia. Nikaangalia chini. Ukapita ukimya mrefu, na nakiri ulinichoma. Kisha yule broka akatoa mizani yake. "Pima donge kabla hawajachoma. Wakishachoma, pima dhahabu. Kilichopungua kimeenda wapi?"

Hivyo ndivyo kipimo kikuu cha mradi ule kilivyopatikana. Kwa wiki tatu zilizofuata, wachimbaji walipochoma madonge yao kama kawaida, broka alisoma uzito wa kabla na wa baada, na binti, akiwa amekaa mbali, upande ambao upepo unatokea, aliandika kwenye daftari. Hakugusa zebaki wala hakusogelea jiko; hilo halikuwa na mjadala. Tofauti ya uzito ikawa namba yake mwenyewe, na kila mtu pale mwaloni aliielewa, kwa sababu ilitoka kwenye mizani wanayoiamini kila siku wanapouza dhahabu yao.

Wenzangu wana hoja zao. Wa kwanza wanasema mashindano ni ya Kiingereza, Kiswahili kitampotosha mtoto. Uzoefu wangu ni kinyume. Mtoto aliyekwisha kueleza jambo kwa lugha anayoota nayo, anapoingia kwenye Kiingereza anajua anachokitafuta. Akikosa neno moja, anapita kwa jingine. Aliyekariri akikosa neno moja ameangukia hapo hapo. Kiingereza kije, tena tukifanyie mazoezi kwa bidii, lakini kije cha pili.

Wa pili wanaogopa kwamba wachimbaji watachukia, kwamba tunawatibulia riziki. Hofu hiyo naiheshimu. Mama mwingine aliuliza siku ile: "Tukiacha zebaki, watoto watakula nini?" Binti hakuwa na jibu, wala mimi. Lakini kama kazi yetu inawahusu watu hawa, kwa nini majaji wa Dar es Salaam waisikie kabla yao? Tuliliandika swali lile kwenye bango, kwa maneno yale yale, chini ya sehemu ya mambo ambayo utafiti haujayajibu.

Jambo hili ni kubwa kuliko mashindano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulifika Rwamgasa, hapa hapa Geita. Watu walipimwa damu, mkojo na nywele. Ilikuwa kazi muhimu, na kazi za namna hiyo ni sehemu ya yale yaliyoisukuma dunia hadi kwenye Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Lakini ripoti za mradi ule ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomi. Kuanzia Nyarugusu hadi Kakola na Mwakitolyo, maeneo yetu ya wachimbaji, maarifa juu ya miili ya watu wetu yamekuwa yakisafiri kwenda mbali. Mtoto wa shule ya kata ndiye anayeweza kuyasimamisha mwaloni kwanza, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma inapobidi.

Kwa hiyo nawaomba walimu na wakuu wa shule wa Geita na Shinyanga jambo moja lisilohitaji fungu lolote. Wiki nne kabla ya safari ya mashindano, si siku mbili kabla, tengeni Jumamosi moja. Mradi wa maji uende kisimani, wa mifugo uende mnadani, wa zebaki uende mwaloni. Mwanafunzi asimame na bango lake, mwalimu akae kimya, mwanafunzi mwingine aandike kila swali kama lilivyoulizwa. Wiki zinazobaki ni za kutafuta majibu, kisha Kiingereza.

Binti yule alifika Dar es Salaam. Jaji akamuuliza hewa ya pale mwaloni ina zebaki kiasi gani. Akajibu kwamba hilo hakulipima, kwa kuwa shule haina kifaa. Alichopima ni uzito, na akamwonyesha daftari. Hakugeuka kuniangalia.

Aliporudi, Jumamosi iliyofuata alikwenda tena mwaloni kutoa taarifa, safari hii bila mimi kumwambia. Mama wa lile swali la watoto alikuwapo, akamuuliza tena. Binti akaketi naye kwenye kiroba, akafungua ukurasa mpya.