"Haijawahi Kufunguliwa" Si Sifa

Kuna sentensi moja ambayo ningewapiga marufuku wauzaji wote wa amplifaya kuukuu hapa Nairobi: "Hii ni orijino, bosi, haijawahi kufunguliwa." Eti hiyo ndiyo sifa. Na sisi wanunuzi, hasa vijana tuliogundua santuri juzi, tunatikisa kichwa na kutoa pesa.

Mimi nilitoa shilingi 14,000. Ilikuwa ya Kijapani, ya miaka ya sabini, uso wa fedha, visu vizito vya kuzungusha sauti. Muuzaji akaiwasha, muziki ukalia, nikabeba. Nyumbani nikaiunganisha na spika za marehemu baba, zile ambazo mama alikataa kuziuza hata mwaka nilipokosa karo na kuacha chuo. Siku ya tisa nikasikia kishindo kimoja, kisha harufu ya kitu kinachoungua. Spika ya kushoto ikanyamaza. Mama alikuja mlangoni, akanusa, akarudi jikoni bila neno. Afadhali angenitukana.

Fundi mmoja mzee wa Kariobangi ndiye aliyenionyesha kilichotokea. Kidude kidogo cha kurekebisha mkondo kilikuwa kimeshika kutu, transista ikawa inachemka kimyakimya mpaka ikafa. Ikifa namna ile, inaachilia umeme wa DC, kama ule wa betri, moja kwa moja hadi kwenye koili ya spika. Koili haichezi na umeme huo. Inapata moto tu, hadi iungue.

Sasa niambie, kutofunguliwa miaka 45 ni nini kama si kutohudumiwa miaka 45? Kapasita zake kubwa zina majimaji ndani, na majimaji hukauka. Gari ambalo halijawahi kubadilishwa oili ungelisifu?

Najua utasema: basi nunua mpya. Mpya ipi? Ile iliyoandikwa "wati 12,000 PMPO"? Hebu tupige hesabu. Plagi yako ina fyuzi ya ampea 13, na stima yetu ni volti 240. Hiyo ni wati 3,120, na ukutani hakuna zaidi ya hapo. Hizo nyingine zinatoka wapi, mbinguni? Uongo huu si mgeni: Marekani ilibidi waweke kanuni mwaka 1974 kuwalazimisha watengenezaji wataje nguvu ambayo amplifaya inaweza kutoa mfululizo. NAD 3020 ya 1978 iliandikwa wati 20 kila upande, na watu bado wanaitafuta.

Kwa hivyo sipingi vya kale. Amplifaya kuukuu ni kati ya vitu vichache nyumbani ambavyo mtu anaweza kuvifungua, akaona kila kiungo, akatoa kibovu na kulehemu kizima. Transista kama 2N3055 bado zinatengenezwa hadi leo. Ninachopinga ni kuigeuza pambo la rafu, halafu kumdharau anayeiweka hai. Muuzaji tunampa 14,000 bila kulia. Fundi akitaja 2,500 tunashtuka: "Fundi, si ni waya tu?" Waya tu! Yule mzee hana cheti ukutani, lakini alisikiliza mvumo wa transfoma yangu na kuniambia ugonjwa kabla hajagusa skrubu.

Kwanza aliichomeka kupitia balbu ya kizamani ya wati 60. Balbu iking'aa kidogo na kufifia, endelea. Iking'aa na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, zima. Baada ya kutengeneza akaweka mita kwenye matundu ya spika, spika zikiwa zimetolewa. Ikisoma milivolti chache, salama. Ikisoma volti kadhaa, usiunganishe kitu. Dakika tano tu, na spika ya baba ingepona.

Tena angalia nyuma. Ikiwa imeandikwa volti 100, hiyo ni ya soko la Japani. Ukiichomeka kwetu bila transfoma, umenunua jiko.

Spika ile ilifungwa koili upya. Mama anasema inalia vilevile. Si kweli, na sote tunajua.

Kwa hivyo bana, ukienda sokoni, tenga nusu ya bei kwa ajili ya fundi kabla hujaangalia uso wa fedha. Na muuzaji akikwambia haijawahi kufunguliwa, mwambie: basi ifungue sasa, mimi nikiangalia. Akikataa, nenda zako.