Usonji wa Mtoto si Mtaji wa Mtu

Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikitaka jambo, hulifanya. Ilipotaka nyumba mpya katika mtaa wa Buxton ilitafuta mwekezaji, ikaingia naye ubia juu ya ardhi ya umma, ikawahamisha wapangaji wa nyumba za zamani zaidi ya 500 na kuwapa pesa za kuanzia maisha kwengine. Kesi zilifunguliwa, watu walilalama, kazi ikaendelea. Leo anayeingia kisiwani kutoka Nyali hawezi kukosa kuyaona maghorofa ya Buxton Point, mradi uliopangiwa nyumba karibu 1,900. Ugomvi ule una wenyewe na siurudii. Mimi nauliza swali ambalo sijaona kaunti ikilijibu: mtoto wa miaka minne mwenye usonji anayekaa kwenye maghorofa hayo, au kwenye vyumba vya kupanga nyuma yake, atasoma wapi?

Atasoma kwa kadiri ya mfuko wa wazazi wake. Hilo ndilo jibu, na ni aibu yetu sote tunaolipa kodi mji huu.

Shule za umma zipo, na walimu wake nawavulia kofia. Kisiwani tuna shule ya viziwi ya Ziwani, tuna na Tom Mboya ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Ng'ambo ya feri kuna shule ya wasioona ya Likoni. Ukivuka Makupa na kushika njia ya uwanja wa ndege utafika Port Reitz, shule ya wenye ulemavu wa viungo. Lakini jaribu kumpakia mtoto wa kiti cha magurudumu kwenye tuktuk alfajiri, umvushe foleni ya Makupa, urudi kisiwani kufungua kibanda chako cha viazi karai, kisha alasiri urudie safari ile ile. Fanya hivyo wiki moja. Na huyo angalau ana ulemavu unaoonekana kwa macho, wenye shule yenye jina. Mtoto wa usonji, mtoto asiyetoa neno hadi miaka mitano, mtoto mwenye mawili matatu kwa pamoja, huyo husukumwa. Chekechea wanasema anasumbua wenzake. Shule ya msingi inasema kitengo maalum kimejaa. Mzazi anaambiwa arudi muhula ujao, na muhula ujao anaambiwa hivyo hivyo.

Haikukusudiwa iwe hivi. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, Kenya ilianza kufungua vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Miaka miwili baadaye ikaundwa taasisi ya KISE, Nairobi, ya kufundisha walimu wao. Nia ilikuwa mzazi ampeleke mwanawe kwa afisa wa serikali, apimwe, aandikiwe barua ya shule inayomfaa, na kazi ianze. Nia hiyo haijafutwa. Imeachwa tu bila watu na bila vifaa vya kutosha, na palipoachwa wazi pameingia mfanyabiashara.

Mnajua inavyokwenda. Mama amechoka kungoja. Kwenye kundi la WhatsApp mtu anamtumia namba ya "centa" iliyofunguliwa ndani ya nyumba ya kuishi, rangi mpya ukutani, picha za vipepeo mlangoni. Analipa ada ya tathmini. Analipa karo ya muhula. Analipa vikao vya matamshi, kila kikao na bei yake. Anaambiwa mtoto anahitaji msaidizi wa kukaa naye darasani, na mshahara wa msaidizi ni juu ya mzazi. Yote hulipwa mbele. Akiuliza mtaalamu wa matamshi amesomea wapi, anaonyeshwa cheti cha semina. Akiuliza mpango wa masomo wa mtoto, anaambiwa subira. Na yule mtoto mgumu hasa, anayepiga kichwa ukutani, asiyejua choo, mara nyingi hurudishwa nyumbani katikati ya muhula kwa maneno mawili: hatumwezi. Karo hairudi.

Hesabu ya biashara ndiyo inayoleta hayo, wala si bahati mbaya. Faida iko kwa mtoto mwepesi anayelipiwa vizuri. Mtoto mzito anataka watu wawili, anataka muda, anataka mtaalamu wa kweli, na kila kimoja kati ya hivyo kinakula faida. Kwa hiyo anayehitaji msaada zaidi ndiye wa kwanza kuonyeshwa mlango. Soko halitaponya tabia hiyo, kwa kuwa ndiyo inayolilisha.

Sisemi kila kituo cha binafsi ni cha wezi. Baadhi vilianzishwa na akina mama wenyewe, waliofukuzwa kila mahali wakaamua kukusanya watoto wao na wa majirani sebuleni. Hao ni mashujaa, na wangestahili kulipwa na serikali kwa kazi waliyoibeba kwa niaba yake. Ninayempiga vita ni yule aliyeona machozi ya mzazi akaona soko, na afisa wa umma aliyemfungulia njia kwa kukaa kimya.

Weka pesa za umma mezani tuone uzito wake. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi umekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa mwaka! Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ikibahatika kuingia kwenye orodha ya Inua Jamii, ruzuku ya serikali, hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kufika kwake ni kwa kudura. Mzazi huyo ndiye anayepelekewa ankara ya centa. Na wako wangapi? Sensa ya 2019 ilisema Wakenya wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5, ni asilimia 2.2. Utafiti wa KISE uliofanywa miaka michache kabla ya hapo, ukiwaangalia watoto na vijana wa miaka 3 hadi 21, ulipata asilimia 11.4. Maswali na rika havikuwa sawa, nakubali. Hata hivyo anayepanga bajeti kwa ile namba ndogo amekwishaamua watoto gani hawapo.

Ukienda kuwauliza wakubwa wa kaunti, utasomewa Katiba. Jedwali la Nne, watakwambia, limeweka shule za msingi na elimu maalum kwa serikali ya kitaifa. Sisi mikono yetu imefungwa, nendeni kwa mkurugenzi wa elimu.

Sawa, tusome, lakini tusiishie pale wanapotaka tuishie. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti chekechea na vituo vya kulea watoto. Linaipa kaunti huduma za afya. Mtoto asiyeongea hugunduliwa lini? Akiwa na miaka miwili, mitatu, minne. Miaka hiyo yuko mikononi mwa nani? Yuko kliniki ya kaunti, kisha darasa la chekechea la kaunti. Hospitali ya Coast General pale Makadara ni ya kaunti. Wataalamu wa viungo na wa matamshi, wakiajiriwa humo, huajiriwa na kaunti. Ile miaka ambayo msaada wa mapema hubadilisha maisha ya mtoto moja kwa moja ni miaka ya kaunti, na ndiyo miaka ambayo mfanyabiashara huvuna zaidi, kwa kuwa mzazi bado ana matumaini na yuko tayari kuuza dhahabu yake ya harusi.

Halafu leseni. Hakuna biashara inayoruhusiwa kufungua mlango Mombasa bila kibali cha kaunti. Muuza mahamri akikosa kibali chake askari wa kaunti wanambebea karai. Je, wanapopita mbele ya nyumba yenye vipepeo mlangoni huwa wanauliza nini? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 76, imekataza mtu yeyote kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa. Kifungu cha 46 kinaitwika Bodi ya Elimu ya Kaunti wajibu wa huduma ya uelekezi kwa watoto wenye mahitaji maalum. Bodi hiyo iko chini ya wizara, kweli, lakini serikali ya kaunti ina kiti ndani yake. Aliyekaa kwenye kiti hicho atwambie alisema nini juu ya vituo hivi, siku gani, na kumbukumbu iko wapi.

Bodi ikiamua, inaweza. Busia waliweza. Bodi ya elimu ya kaunti ile ilisimama mbele ya Bridge, kampuni ya shule za kibiashara yenye wawekezaji wakubwa wa ng'ambo, ikaamuru shule zake ambazo hazikutimiza masharti zifungwe, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikasimama na bodi. Ikiwa Busia iliweza mbele ya mabilioni, Mombasa inashindwaje mbele ya nyumba iliyopakwa rangi?

Na kuhusu huo wimbo wa mikono iliyofungwa, Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali moja kukabidhi jukumu kwa nyingine kwa makubaliano. Februari 2020 Kaunti ya Nairobi ilitia saini na kukabidhi majukumu yake makubwa kwa serikali ya kitaifa. Wakitaka, kalamu hupatikana. Kaunti ya Mombasa iiandikie wizara iombe mkataba wa elimu maalum ya kisiwani, pamoja na pesa zake, ituonyeshe barua.

Kuna watakaosema tuwaachie sekta binafsi, serikali iwalipe tu kwa kila mtoto. Waende Uingereza wakaone. Kule halmashauri hulipia watoto nafasi katika shule maalum za binafsi, na baadhi ya shule hizo zimenunuliwa na kampuni za uwekezaji. Nafasi moja ya binafsi huigharimu halmashauri zaidi ya maradufu ya nafasi katika shule maalum ya umma. Mwaka 2024 ofisi ya ukaguzi ya taifa ya huko ilionya kwamba halmashauri nyingi ziko hatarini kufilisika kwa madeni ya elimu maalum, na kwamba matokeo ya watoto hayajapanda kwa pesa hizo. Nchi tajiri imeshindwa kulisha mdomo huo. Sisi tutaulisha kwa kitu gani?

Tunachotaka kina bei na kina tarehe. Kila chekechea kubwa ya kaunti iwe na darasa lenye mwalimu wa mahitaji maalum, tuanze na za Mvita, hapa kisiwani. Wataalamu wa matamshi waajiriwe kwa idadi na watoke hospitalini kuzunguka wadi. Kituo cha binafsi kisipewe kibali mpaka ada zake, majina ya wataalamu wake na usajili wake vibandikwe mlangoni mzazi avisome. Na kwenye mitaa mingine ya zamani iliyo kwenye foleni ya kuvunjwa na kujengwa upya, mkataba wowote wa ardhi ya umma utenge chumba cha chini cha kutathmini na kufundisha watoto hawa, chumba cha kaunti, si cha kukodishwa.

Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi, ambavyo mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache waliofuata nauli. Mwaka ujao tuvijaze. Akina mama wa Buxton, wa Kibokoni, wa Majengo na wa Tudor, njooni na watoto wenu wote, anayepiga kelele na asiyesema. Mwakilishi wa wadi atakayesimama kusema elimu maalum si kazi ya kaunti aseme huku akiwatazama, na karani aandike jina lake.