Tulikuwa wanane, kazi wakafanya watatu

Najua nimepotea. Si mapenzi wala si bumu kuchelewa (ingawa limechelewa kweli), ni asaimenti ya kundi. Leo nina la moyoni, maana juzi nusura tumfute mwenzetu jina kwa kosa ambalo si lake. Na aliyekuwa mbele kutaka afutwe ni mimi.

Iko hivi. Tulikuwa wanane, tumepewa wiki tatu, na kazi ina alama 15 za kozi weki. Tukafanya kama wote tunavyofanya: tukagawana kazi kwa mdomo pale kafeteria, kila mtu akasema "poa", tukafungua grupu la WhatsApp, tukaenda kula. Wiki mbili zikaishia kwenye salamu za asubuhi, ubishi wa Simba na Yanga, na ile "jamani tufanye kazi" ya kila Jumapili. Siku tatu kabla ya kukusanya tukajikuta tuna utangulizi wa aina mbili, hitimisho hakuna, na dada aliyepewa kuchambua madodoso hajatuma kitu. Nikaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa: ASIYEFANYA KAZI JINA HALIANDIKWI. Wenzangu wakanigongea dole gumba.

Usiku akanipigia. Wala hakufoka. "Kaka, hebu panda juu kidogo, angalia Jumatano ya wiki iliyopita."

Nikapanda, nikapanda... Kweli bwana! Faili lake lilikuwepo, kalituma saa tano usiku, limefunikwa na meseji zaidi ya mia mbili za mechi. Chini yake kauliza: "Madodoso 20 yaliyobaki yako kwa nani?" Hakuna aliyemjibu. Yalikuwa kwangu jamani, ndani ya begi, na begi chini ya kitanda.

Niliomba msamaha palepale, na kesho yake tena mbele ya wote. Lakini tangu siku hiyo najiuliza: tulikuwa wavivu, au hatukuwa na utaratibu?

Kumbe swali lenyewe ni la zamani. Kuna Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mhandisi wa mambo ya kilimo, aliyechapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba. Aliona kadiri watu wanavyoongezeka, ndivyo kila mmoja anavyotoa nguvu kidogo. Wakiwa wanane, kila mtu alitoa kama nusu tu ya nguvu anayotoa akivuta peke yake. Wanane, kama sisi! Sababu ni mbili. Ya kwanza, hawavuti kwa wakati mmoja. Ya pili, kila mtu anamtegea mwenzake. Sisi tukiona kamba haiendi tunakimbilia ile ya pili: fulani mvivu. Ya kwanza hata hatuiangalii.

Maofisini wameshalistukia hili, ndiyo maana kuna programu za kugawana kazi kama Asana na Trello. Trello ilitoka mwaka 2011, na mwaka 2017 kampuni ya Atlassian ya Australia ikainunua kwa dola milioni 425. Ukiifungua unaweza kushangaa hela yote hiyo ni ya nini, maana ni ubao wenye safu tu: za kufanya, zinazofanywa, zilizokwisha. Kila kazi ina kadi yake, na kadi inabeba jina la mhusika, tarehe ya mwisho na mafaili yake. Kazi ikisogea, kadi nayo inasogezwa, na wote mnaiona. Wazo la kadi namna hii lilishafanya kazi kwenye viwanda vya Toyota huko Japani miaka mingi kabla ya intaneti, wanaita kanban. Pale kituo cha nyuma hakitengenezi kipuri mpaka kadi ije kusema kinahitajika.

Sasa msinielewe vibaya, sipigi debe la programu. Nilipokuwa fildi, ofisi moja (siitaji) ilikuwa na programu ya aina hii, tena ya kulipia. Lakini bosi alikuwa anatoa kazi kwenye korido: "Kijana, lile jambo lishughulikie." Ijumaa jioni watu wote wanaingia kwenye ubao, wanasogeza kadi harakaharaka ili ripoti ipendeze. Nami nilisogeza zangu, hehehe. Ubao umejaa kijani na kazi imelala. Chombo kilikuwepo, ila makubaliano hayakuwepo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kinachosaidia ni mambo matatu, na hayana bei. Moja, kila kazi jina moja. Ukiandika "wote" umeandika "hakuna". Mbili, kama haiko ubaoni, haipo. Grupu la WhatsApp libaki la mechi na salamu. Tatu, na hili ndilo lililotukosa sisi, ongezeni safu ya nne: IMEKWAMA. Yule dada angekuwa na pa kuweka kadi yake, na chini aandike "nasubiri madodoso 20". Ningeona aibu siku ileile, si siku tatu kabla ya kukusanya.

Najua mtasema bando. Sawa, nakubali. Basi chukueni karatasi ya manila, chora safu nne, bandika mlangoni kwa aliye karibu na wote, na asiyekaa hosteli atumiwe picha jioni. Mchagua jembe si mkulima.

Na wale mtakaosema ubao utawaumbua watu, ni kweli, unaumbua. Lakini utamuumbua nani? Kabla ya juzi ningeapa utamuumbua yule dada. Ungeniumbua mimi, kiranja wa herufi kubwa, niliyelalia madodoso ya watu. Wategeaji wapo, sikatai, nawajua kwa majina. Ila kabla hujafuta jina la mtu na kumsogeza karibu na sapu, muulize kwanza: "Umekwama wapi?" Halafu kaangalie chini ya kitanda chako.

Kazi tulikusanya, saa kumi kasorobo, steshenari wakiwa wanafunga. Majina yalikuwa manane. La kwake niliandika mimi, la kwanza kabisa.

Wacha nikalale, kesho nina kipindi saa moja. Nyie kwenye makundi yenu mnafanyaje? Niambieni hapo chini.