JUA LA BUHARE LIHESABIWE SAWA

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni letu, nasi twajivuna nalo. Mitambo yake tisa ina nguvu ya megawati 2,115. Lakini Rufiji ni mbali na Musoma, na umeme nao hupungua njiani. Mwezi Machi 2025, Serikali ilipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, sababu iliyotajwa ilikuwa hiyo hiyo: umeme unaopotea katika safari ndefu.

Sasa sisi twauliza. Ikiwa tu tayari kumlipa mgeni kwa umeme wake, mbona twasita kumhesabia mwananchi umeme utokao juu ya bati lake mwenyewe?

Hapa Buhare jua tunalo. Shule, zahanati, chuo cha maendeleo ya jamii, duka lenye friji la samaki, wote wana paa. Atakayefunga paneli za kutosha atapata mchana umeme kuliko anaoutumia. Ziada huingia katika nyaya, na jirani huitumia bila kujua imetoka wapi. Jioni mwenye paneli naye huchukua umeme katika nyaya zile zile. Mita ya pande mbili huhesabu alichotoa na alichochukua, na kimoja hupunguza kingine. Hakuna muujiza hapo, na kanuni za jambo hili nchini mwetu zilitungwa tangu 2018.

Mita ya LUKU ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ziko mita za malipo ya kabla ambazo umeme ukipita kinyume huuhesabu kana kwamba umetumiwa, na uniti za mwenyewe huliwa. Mtu anatoa, kisha anatozwa kwa kutoa!

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Sheria yao ya Nishati ya 2019 iliruhusu mpango huu kwa mitambo isiyozidi megawati moja, na kanuni zilitoka 2024. Lakini kule anayetoa uniti mbili huhesabiwa moja. Tuseme mwenye duka ametoa uniti 12 mchana, akachukua 10 usiku. Kwa hesabu ya sawa kwa sawa hadaiwi kitu, na mbili zimebaki. Kwa hesabu ya nusu, zile 12 huwa 6, naye atanunua 4.

Wapo wasemao kwamba nusu ni haki, kwa kuwa nguzo, transfoma na mafundi hulipiwa na nani? Swali hilo si la kipuuzi. Katika bei zilizopangwa 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, na mwenye duka shilingi 292, kabla ya kodi. Basi nafuu kubwa ya paneli humwendea anayelipa bei kubwa, naye kwa kawaida si maskini. Hatutaki mama mwenye taa tatu abebe gharama ya nguzo za tajiri. Kwa hiyo mwenye hoteli kubwa au kiwanda na alipie nyaya. Lakini shule na zahanati na duka dogo wahesabiwe sawa kwa sawa.

Tena liko jambo la salio, ambalo kwetu ni kubwa kuliko hata hiyo nusu. Shule hufungwa Juni na Desemba, lakini jua halina likizo. Madarasa ni matupu, paneli zafanya kazi, uniti zatoka kutwa. Salio hilo likifutwa kabla wanafunzi hawajarudi, shule itakuwa imefanya kazi ya bure.

Madiwani na wabunge wa Mara na walisemee jambo hili. Nayo ofisi ya TANESCO Musoma ibandike ukutani, kwa Kiswahili, fomu inayotakiwa, bei ya mita ya pande mbili, na salio la Desemba litadumu hadi lini.