Kifaa Kinaleta Sauti, Lugha Tuilete Sisi

Ndugu zangu wa Mtwara, kuanzia Mikindani na Shangani hadi Msimbati, Madimba na vijiji vya mlangoni mwa Mto Ruvuma, leo nawaombea watoto wachache ambao huenda mmoja wao ni jirani yako: waliozaliwa bila kusikia, au waliopoteza usikivu kwa maradhi, kisha wakapandikizwa kifaa cha usikivu. Tangu Juni 2017 upasuaji huo unafanyika hapa nchini, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Mtoto akishapona kidonda na kifaa kikawashwa, ndugu wengi hudhani mambo yamekwisha. Hapo ndipo yanapoanza, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni yetu sisi tunaoishi naye.

Kifaa hiki si shimesikio, ambalo kazi yake ni kukuza sauti tu. Sehemu yake ya nje, inayovaliwa nyuma ya sikio, hunasa sauti na kuichambua, kisha huirusha kwa koili inayoshikwa kichwani kwa sumaku. Sehemu ya ndani hupokea mawimbi hayo chini ya ngozi na kuyapeleka kwenye uzi mwembamba wenye elektrodi, uliopenyezwa ndani ya koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kilichojisokota. Profesa Graeme Clark wa Melbourne, Australia, alihangaika sana kutafuta njia ya kuuingiza uzi huo bila kuumiza sikio. Mwaka 1977, akiwa ufukweni, aliokota ganda la konokono wa baharini akalijaribu kwa majani, akaona kwamba jani lenye ncha laini na shina gumu ndilo linalozunguka hadi ndani. Mwaka uliofuata akampandikiza mgonjwa wake wa kwanza.

Sikio zima lina chembe za usikivu zipatazo 15,000. Kifaa kina elektrodi 12 hadi 22 tu. Kwa hiyo anachopata mtoto ni kama ngoma inayopigwa Msanga Mkuu nawe umesimama ng'ambo ya pili, upande wa mjini: mdundo unakufikia, lakini kupanda na kushuka kwa wimbo kunapotelea majini. Hata hivyo ubongo una uwezo wa ajabu. Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mtu anaweza kuelewa maneno hata sauti ikigawanywa katika mikanda minne tu, mradi mdundo wake ubaki. Mtoto anaweza kufika mbali, akipewa muda na watu wa kuzungumza naye.

Kiswahili chetu kina mengi ya kumsaidia. Irabu zetu ni tano tu, na kila moja iko mbali na mwenzake, kwa hiyo *a* na *i* hazimchanganyi sana. Taabu iko kwenye konsonanti zinazotofautiana kwa mahali zinapotamkiwa mdomoni: *p*, *t* na *k*, *m* na *n*, *s* na *sh*. "Pata" inaweza kumfikia kama "kata". Na kwa kuwa sarufi yetu imebebwa na viambishi vifupi, "anatuita" na "anakuita" zinaweza kusikika sawa, mtoto asijue ni nani anayeitwa. Ukimwona amesimama pale pale, usimwite mkaidi. Ameitika alichosikia.

Angalia tena jinsi tunavyouliza. "Umekula" na "Umekula?" hutenganishwa na mpando wa sauti peke yake, na mpando wa sauti ndio hasa ambao kifaa hiki kinaubeba kwa udhaifu. Mwanzie na "je": "Je, umekula?" Neno hilo dogo litamfungulia swali zima. Katika Shimakonde, Kimakua na Kiyao, ambako kidatu cha sauti kinagusa hata maana, atahitaji subira zaidi. Bibi asiache kumsemesha kwa lugha ya nyumbani. Amsemeshe mara nyingi, polepole, uso kwa uso.

Nasema uso kwa uso kwa sababu midomo huonyesha baadhi ya yale ambayo kifaa kinayakosa. *P* na *m* hufunga midomo. *K* na *n* haziifungi. Mtoto anayekuona anasikia zaidi ya mtoto uliyempa mgongo ukikuna nazi. Basi mguse bega kwanza, akutazame, ndipo useme. Semeni mmoja mmoja. Usipige kelele, maana kelele huharibu umbo la neno. Asipoelewa, rudia kwa maneno mengine badala ya kurudia yale yale kwa ukali.

Makelele ndiyo adui yake mkubwa. Sokoni, stendi, kwenye redio iliyofunguliwa mchana kutwa, sauti zote humwingilia kwa pamoja asijue aishike ipi. Walimu wangu, mnajua mvua za Desemba hadi Aprili zinavyopiga bati hadi anayesikia vizuri asikupate. Mketisheni mbele, mbali na dirisha la barabarani, na mvua ikizidi mwandikie ubaoni. Wazee wa jando na makungwi, msimwache nje: mdundo wa ngoma anaupata sawasawa, na kucheza atacheza. Kitu cha kulinda ni ile sehemu ya nje tu. Ivuliwe kabla ya kuoga au kuingia baharini, ifutwe jasho, na usiku ihifadhiwe pakavu, maana chumvi na unyevu wa pwani yetu hula vyuma.

Kwenu wajomba, ambao huku kusini mna kauli kubwa juu ya mtoto wa dada yenu: upasuaji unahitaji marejeo. Kifaa hupangwa upya mara kwa mara kadiri mtoto anavyozoea, na mazoezi ya kusikia na kuzungumza huchukua miaka. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Nauli, malazi, betri na waya uliokatika humwelemea mama peke yake. Korosho zikiuzwa, ukoo uketi na kutenga fungu la mtoto huyu kama unavyotenga ada. Nanyi madiwani na wabunge wetu, tunaomba mlisemee hili: wataalamu wa kupanga vifaa na wa mazoezi ya usemi wawe karibu nasi, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ili familia ya Kilambo isilale njiani kwa kazi ya saa moja.

Na tusiwasahau ambao bado hawajagunduliwa. Mtoto asiyeshtuka mlango ukibamizwa, asiyegeuka akiitwa, au aliyefikisha mwaka bila kubwabwaja, apelekwe hospitali upesi. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu mara anapopona, kwa sababu koklea yake inaweza kugeuka mfupa na kuziba njia ya elektrodi. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hushika lugha. Kila mwaka unaopita huifanya kazi kuwa ngumu. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa nchini tangu 2014, huzuia sehemu ya uziwi huu, basi isikose mtoto.

Wapo ambao kifaa hakitawafaa, na wapo watakaokivaa na bado watahitaji ishara. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, na mtoto anayeijua ana lugha hata betri ikiisha. Tujifunze pamoja nao, tukiwashirikisha viziwi wenyewe kupitia chama chao, CHAVITA.

Ndugu msomaji, jukumu lako halihitaji fedha wala cheti. Ukikutana na mtoto mwenye koili kichwani, simama mbele yake, punguza redio, mtazame, mwambie neno moja wazi na umngoje alijibu. Nakuomba uanze leo.