Kunyamaza Si Kutii

Wapo wasemao kuwa pasipo manung'uniko pana amani. Wachina wa kale hufundisha vingine. Mfalme Li wa Zhou aliwaua waliomlaumu, hata watu wakikutana njiani wakawa wanatazamana tu. Mfalme akafurahi. Mkuu wa Shao akamwonya kuwa kuziba vinywa vya watu ni hatari kuliko kuziba mto. Hakusikia. Baada ya miaka mitatu akafukuzwa, na tangu 841 kabla ya Kristo nchi ikatawaliwa na wengine.

Sisi wa West Nile jambo hili latuhusu. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitawala Uganda tangu 1971. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenziwe walimwandikia kulalamika, Luwum akauawa. Mwaka 1979 Amin akaikimbia nchi, kisha wengi wa kwetu wasio na hatia wakakimbilia Sudan na Zaire. Mafuriko hayachagui nyumba.

Basi tuanze hapa shuleni. Kiranja amsikilize mlalamikaji kabla ya kumwadhibu. Mficha maradhi, kifo humfichua.