Kabla ya Kugusa Tarakimu, Ishikwe Spana

Ipo desturi iliyoenea miongoni mwa mafundi wa nyumbani wa Uingereza na Marekani, ya kutwaa mashine kuukuu ya kuchonga chuma, kwa mfano ile ya Bridgeport iliyoanza kuundwa mwaka 1938 huko Connecticut, kuivua magurudumu yake ya kuzungushwa kwa mkono, na kuifungia mota za sevo zenye kuamrishwa na kompyuta. Kazi hiyo ni ya sifa. Hoja yangu ni juu ya siku inayofuata, wakati mota zimekwisha kufungwa na fundi ameketi mbele ya kioo kuzirekebisha mwendo, kwani hapo ndipo wengi hukosa stahamala, wakaazima tarakimu za mashine ya mtu mwingine, kisha wakastaajabu meza inapotetemeka kama mgonjwa wa homa.

Tarakimu hizo ni tatu, na elimu yake ilitokea baharini. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alitoa maandishi juu ya merikebu kujiongoza yenyewe, baada ya kuwatazama washika usukani na kuona ya kuwa aliye hodari haangalii tu chombo kimepotoka kiasi gani saa ile, bali huuzingatia pia upotovu uliokwisha kulimbikizana, na kasi ambayo omo inageuka nayo, ili aurudishe usukani mapema, chombo kisije kikaipita njia yake. Mota ya sevo hufuata kanuni iyo hiyo. Enkoda huiarifu kompyuta mahali mota ilipo. Tarakimu ya kwanza huamua nguvu ya kuiondoa tofauti iliyopo, ya pili hukusanya tofauti zilizopita, na ya tatu huutuliza mwendo. Ikizidi ya kwanza, mota huyumba huku na huko. Ikizidi ya tatu, hunguruma hata ikiwa imesimama, kwa kuwa kila hitilafu ndogo katika taarifa za enkoda hukuzwa.

Mwaka 1942 wahandisi Ziegler na Nichols walitoa njia mashuhuri ya kuzitafuta tarakimu hizo: kuiongeza tarakimu ya kwanza peke yake mpaka mtambo uyumbe bila kukoma, kisha kuzikadiria zote tatu kutokana na kiasi kile na muda wa kila yumbo. Ina fadhila zake, lakini ilikusudiwa mitambo ya viwandani ya joto na shinikizo, nayo huridhia mtambo uvuke lengo kisha urudi, kila mruko ukiwa takriban robo ya uliotangulia. Tangi la maji likizidi joto hupoa. Kisu kikivuka mstari, chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi. Naona basi ni insafu njia hiyo itumike kuujua mpaka wa kuyumba tu, na fundi arudi nyuma kuliko inavyomruhusu.

Lakini hata hayo ni ya baadaye. Na achukue kwanza saa ya kupimia, aigusishe ncha yake kwenye meza, azungushe skrubu mbele, kisha ageuze, atazame skrubu inazunguka kiasi gani kabla mshale haujatikisika. Ulegevu huo ukifika sehemu moja ya kumi ya milimita, hakuna tarakimu itakayoufuta, maana enkoda iliyofungwa nyuma ya mota inaijua mota, haiijui meza. Akichonga duara ataona mahali panne, pale meza inapogeuza mwendo, pamekuwa bapa au pana kidato kinachoshikika kwa ukucha. Wapo wanaoiagiza kompyuta iufidie ulegevu huo kwa kuongeza mwendo. Hilo lafaa katika kutoboa matundu, lakini kisu kilichozama katika chuma huweza kuivuta meza kadiri ya nafasi iliyopo. Dawa ni skrubu ya gololi, au walau nati isiyolegea, beringi zilizobanwa, na kabari za reli zilizokazwa vema.

Jambo linalonikera kuliko yote ni hili. Programu kama LinuxCNC huweka kikomo cha tofauti baina ya mahali palipoamriwa na mahali mota ilipo. Kikivukwa, mashine husimama papo hapo. Fundi aliyechoshwa na kusimamishwa hukipanua kikomo hicho mpaka mashine inyamaze, naye akadhani ameitengeneza, ilhali amemnyamazisha shahidi. Wakati wa kutafuta tarakimu si dhambi kukilegeza; siku ya kukata chuma na kiwe finyu, na kila mashine isimamapo fundi azime umeme, akague skrubu, kisha bolti za mota, kisha nyaya za enkoda, ndipo arudi kwenye kioo.